Mbao za Miti Migumu: Jina la Kipimo na Kipimo Chenyewe

Watu wengi wanunuao mbao hudhani ya kuwa ubao uitwao "mbili kwa sita" una unene wa inchi 2 kamili na upana wa inchi 6 kamili. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi sivyo. Tofauti yaonekana ndogo machoni, robo inchi hapa na nusu inchi pale, na mtu asiyezoea kupima huiona kuwa si kitu. Lakini katika kazi ya nje, kama daraja la miguu, baraza ya shule, uzio wa boma au jukwaa la tangi la maji, tofauti hiyo ndiyo ipotezayo fedha zilizochangwa na watu, na ndiyo ivunjayo daraja siku mto umejaa na watoto wanavuka kwenda shule.

Kwa hiyo katika somo hili twataka kueleza mambo mawili: kwanza, kwa nini kipimo cha ubao hupungua kikawa si sawa na jina lake, pili, jinsi mnunuzi awezavyo kuhesabu, kuagiza na kupokea mbao bila kupunjika. Hesabu zilizomo si ngumu. Mwalimu aweza kuzifundisha darasani, na mzee wa kijiji aweza kuzifanya juu ya kipande cha karatasi akiwa sokoni.

KIPIMO HUTAWALA JENGO

Jambo hili la vipimo si geni kwetu. Watu wa Lamu tangu zamani walizigawa nguzo za mikoko kwa unene wake, na kila unene ukapewa jina lake: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Mtu aliyeagiza boriti hakupelekewa pau, maana muuzaji na mnunuzi walikuwa na maneno yale yale. Tena urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vingi vya nyumba za mawe za zamani, katika Lamu na Unguja, ni virefu lakini ni vyembamba; na majahazi yalipozichukua boriti hizo hata Uarabuni na nchi za Ghuba, vyumba vya huko navyo vikafuata kipimo hicho hicho.

Lakini nguzo ya mkoko hutumika karibu kama ilivyokatwa mwituni. Ubao sivyo. Ubao hutoka katika gogo, hupita katika msumeno, hukaa juani na kivulini mpaka ukauke, kisha pengine hupigwa randa. Kila hatua hula sehemu yake. Basi tuzitazame hatua hizo moja moja.

HATUA YA KWANZA: MSUMENO

Msumeno hauupiti mti bure; njia yake hugeuka unga. Msumeno wa mnyororo, ambao siku hizi watumika sana kupasulia mbao porini, hufungua njia pana kuliko msumeno wa shimo uliovutwa na watu wawili. Tena usiposhikwa sawasawa hutoa ubao mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Kwa sababu hiyo ubao usipimwe mahali pamoja tu. Upime sehemu tatu: mwanzo, katikati na mwisho, kisha andika kipimo kilicho kidogo kuliko vyote. Boriti huvunjika mahali palipo dhaifu, haitazami mahali palipo na nguvu.

HATUA YA PILI: KUKAUKA

Mti uliokatwa leo umejaa maji. Maji yakitoka, ubao hunywea. Hapa kuna jambo la kukumbuka: ubao hunywea upana na unene, lakini urefu wake haupungui kiasi cha kuonekana. Tena kunywea kwenyewe si sawa pande zote. Ukitazama kichwa cha gogo utaona duara za ukuaji wake. Ubao hunywea kwa kuzifuata duara hizo karibu mara mbili zaidi ya unavyonywea kutoka kiini kwenda kwenye ganda. Hii ndiyo sababu mbao nyingine hupinda zikawa kama mgongo wa mtumbwi.

Tuseme ubao mbichi una upana wa inchi 6, nao wapungua sehemu 4 katika 100. Zidisha 6 kwa 4, ugawe kwa 100. Wapata inchi 0.24, yaani karibu robo inchi. Ubao ule ukikauka utakuwa na inchi 5¾. Hakuna aliyeiba; maji ndiyo yaliyokwenda zake.

Miti haifanani katika jambo hili. Mninga wasifiwa kwa kunywea kidogo sana na kutulia, ndiyo maana mafundi waupenda kwa milango na madirisha. Mkaratusi, kinyume chake, hunywea sana, hupinda na kupasuka usipokaushwa kwa uangalifu. Mvule, mkongo (ambao pwani ya Kenya huitwa mbambakofi) na msaji, ambao ulianza kupandwa katika nchi hii wakati wa utawala wa Wadachi, yote ni miti mizuri ya kazi ya nje, kwa kuwa kiini chake huvumilia mvua na mchwa kuliko miti mingi.

Kukausha kwataka subira. Mbao zipangwe kivulini, zisiguse ardhi, na kati ya tabaka na tabaka viwekwe vijiti vya unene mmoja ili upepo upite. Vijiti hivyo visimame kimoja juu ya kingine kwa mstari, visipishane, maana vikipishana mbao zitapinda. Ubao wa inchi 2 hukawia zaidi ya mara mbili kuliko ubao wa inchi 1. Basi asiyetaka kungoja asishangae mlango wake ukikataa kufunga.

HATUA YA TATU: RANDA

Ubao uliotoka katika msumeno una uso wa kukwaruza. Fundi akiupiga randa pande zote nne, huondoa thumuni ya inchi au zaidi kila uso. Kwa kuwa kila ubao una nyuso mbili za kuukabili unene na nyuso mbili za kuukabili upana, thumuni moja kila uso ni robo inchi katika unene na robo inchi katika upana. Ukijumlisha randa na kunywea, ubao ulioitwa 2 kwa 6 waweza kukufikia ukiwa na inchi 1½ kwa 5½.

Jambo hili si la kwetu tu. Huko Marekani ubao wa mti laini uitwao mbili kwa nne, ukiisha kukauka na kupigwa randa, una inchi 1½ kwa 3½; na ubao wa sakafu za nje uitwao "robo tano", yaani inchi 1¼, una unene wa inchi 1 tu. Lakini huko tofauti hiyo imeandikwa katika kanuni za biashara, na muuzaji na mnunuzi wote wawili waijua. Ubaya si kwamba jina lapita kipimo. Ubaya ni mmoja kujua na mwenzake asijue.

Kwa kazi ya nje si kila ubao wahitaji randa. Boriti zilizo chini ya daraja hazionwi na mtu wala haziguswi kwa mkono. Ziacheni kama zilivyotoka katika msumeno, mkabaki na unene wenu mlioulipia. Pigeni randa mahali pashikwapo kwa mkono tu, kama ubao wa kuegemea na kiti cha benchi.

UBAO MWEUPE

Kuna upungufu mwingine usioonekana kwa rula. Katika mti kama mninga au mvule, mbao iliyo karibu na ganda ni nyeupe au ya rangi ya majani makavu, na kiini ni cha rangi nzito. Sifa yote ya mti huo, kuvumilia mvua na mchwa, ni sifa ya kiini. Sehemu nyeupe, hata ya mti ulio bora, huliwa na wadudu na kuoza upesi ikikaa nje.

Basi ukipewa ubao wa inchi 6 wenye ukingo mweupe wa inchi 1, uhesabu kuwa ni ubao wa inchi 5. Baada ya masika machache hiyo inchi ya sita haitakuwapo. Ukiwa kwa kazi ya ndani, kama rafu ya vitabu, si neno kubwa. Ukiwa kwa daraja, ni neno kubwa sana.

HESABU YA UJAZO

Mbao huuzwa kwa kipande, lakini mwenye busara huhesabu ujazo, ili aweze kulinganisha bei ya muuzaji huyu na yule. Njia iliyo nyepesi ni hii: zidisha unene kwa inchi, kwa upana kwa inchi, kwa urefu kwa futi, kisha gawa kwa 12. Jibu ni futi za ubao. Futi moja ya ubao ni kipande chenye unene wa inchi 1, upana wa futi 1 na urefu wa futi 1. Futi 12 za ubao ni sawa na futi 1 ya ujazo.

Mfano: ubao wa 2 kwa 6, urefu futi 12. Mara 2 kwa 6 ni 12. 12 mara 12 ni 144. Gawa kwa 12, ni 12. Basi ubao huo ni futi 12 za ubao, yaani futi 1 kamili ya ujazo. Huu ni mfano mzuri wa kukariri.

Hati na vibali huandika ujazo kwa mita. Inchi 1 ni milimita 25.4, na mita 1 ya ujazo ni futi 35.3 za ujazo. Kwa hiyo mbao 35 za 2 kwa 6 za futi 12, zikiwa kamili, zakaribia sana mita 1 ya ujazo. Ukiambiwa kuwa umepelekewa mita moja, nawe wahesabu mbao 35 lakini kila moja ni inchi 1½ kwa 5½, hukupata mita moja. Zidisha 1½ kwa 5½, wapata 8¼, mahali pa 12. Ulilipa sehemu 12, ukapewa sehemu 8 na robo.

NGUVU YA BORITI

Hasara ya fedha yaumiza, lakini kuna hasara iliyo mbaya kuliko hiyo. Nguvu ya boriti haipungui kwa kadiri ile ile ya ujazo, hupungua zaidi. Kanuni ni hii: kwa mti wa namna moja na nafasi moja kati ya nguzo na nguzo, zidisha kimo cha boriti kwa kimo chenyewe, kisha zidisha kwa unene wake. Hesabu upatayo ndiyo ya kulinganisha boriti moja na nyingine.

Boriti kamili ya 2 kwa 6, ikisimamishwa kwa ubavu, ni 6 mara 6 mara 2, yaani 72. Boriti ya inchi 1½ kwa 5½ ni 5½ mara 5½ mara 1½, yaani 45 na kitu. Gawa 45 kwa 72. Wapata kama sehemu 63 katika 100. Nusu inchi kila upande imechukua zaidi ya thuluthi ya nguvu!

Kanuni hiyo hiyo yatufundisha jambo lisilogharimu hata senti. Boriti ile kamili ikilazwa chali, kimo chake ni inchi 2 na upana wake inchi 6: 2 mara 2 mara 6 ni 24. Ikisimamishwa kwa ubavu ni 72. Ni mti ule ule, fedha ile ile, lakini nguvu ni mara tatu. Basi boriti isimame siku zote, ifungwe vema isianguke upande.

MFANO WA DARAJA

Sasa tuyakusanye yote. Tuseme kijiji kinataka daraja la miguu lenye urefu wa futi 12 na upana wa futi 4, kwa watu na baiskeli. Fundi ajuaye kazi yake ameukagua mto, akapanga boriti 5 za 2 kwa 6 zisimame kwa ubavu, na juu yake mbao za 2 kwa 6 zitandikwe kukingama.

Boriti ni vipande 5 vya futi 12. Mbao za juu twazihesabu hivi. Urefu wa daraja ni inchi 144. Mbao kavu, bila randa, zina inchi 5¾, na kati ya ubao na ubao twaacha nafasi ya nusu inchi ili maji na matope yashuke, na ili mbao zipate mahali pa kuvimba wakati wa masika. Inchi 5¾ na nusu ni 6¼. Gawa 144 kwa 6¼, wapata 23. Kila ubao ni wa futi 4, na kipande kimoja cha futi 12 hutoa tatu. Basi 23 zataka vipande 8. Jumla, pamoja na boriti, ni vipande 13. Ongezeni kimoja cha akiba, maana hakosi kuwapo ubao wenye ufa au fundo bovu. Vipande 14.

Angalieni neno la nafasi. Nafasi ya nusu inchi ni kwa mbao zilizokwisha kukauka. Mbao zikiwa mbichi zitanywea zenyewe na kuongeza nafasi. Ukiziacha mbali tangu mwanzo, baada ya kiangazi gurudumu la baiskeli na mguu wa mtoto vitapata mahali pa kuzama.

Je, ikiwa mbao zilizoletwa ni za inchi 1½ kwa 5½? Boriti zile 5 zitakuwa na nguvu ya boriti 3 tu na kitu kidogo. Fundi alipanga tano. Kijiji kimelipa tano. Mto utakuta tatu. Na kwa vile vipande 13, waliolipia futi 13 za ujazo watakuwa wamepokea karibu futi 9. Daraja litasimama siku ya kufunguliwa, na watu watapiga makofi. Aibu itakuja siku ya mzigo.

NAMNA YA KUAGIZA NA KUPOKEA

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Agizo la mdomo la "mbili kwa sita kumi na nne" halimfungi mtu. Andikeni, na kila upande ubaki na nakala yake. Kwa mfano:

"Mbao 14 za mkongo, kiini kitupu, zilizokaushwa, zisizopigwa randa, urefu futi 12 kamili. Kila moja isipungue upana inchi 5¾ wala unene inchi 1⅞ mahali po pote itakapopimwa. Zitapimwa zikifika, na malipo ya mwisho yatakuwa kwa zile zilizokubaliwa."

Maneno haya machache yamejibu maswali sita: mti gani, sehemu gani ya mti, mbichi au kavu, kwa randa au bila randa, kipimo gani cha mwisho, na nani atapima. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa nayo. Atayapenda, kwa kuwa yamkinga na lawama. Na mpasuaji atoaye mbao zilizo kamili anastahili bei ya juu kuliko atoaye pungufu. Tusidai kipimo kamili kwa bei ya upungufu.

Siku ya kupokea, wawepo watu wawili, mmoja apime na mmoja aandike. Kila ubao upimwe sehemu tatu, utazamwe kingo zake kama una weupe, na uinuliwe usawa wa jicho ili kujua kama umepinda. Wakati huo huo muulizeni muuzaji kibali cha kuvuna na hati ya kusafirisha. Mbao zisizo na hati zaweza kukamatwa njiani, nanyi mkakosa mbao na fedha pamoja.

MASWALI YA DARASA

1. Ubao wa 1 kwa 8, urefu futi 12, ni futi ngapi za ubao?
2. Mbao 27 za 2 kwa 4, urefu futi 12, ni futi ngapi za ujazo?
3. Boriti ya 3 kwa 6 ikisimamishwa kwa ubavu, nguvu yake ni mara ngapi kuliko ikilazwa?
4. Boriti ya 2 kwa 4 imepigwa randa ikawa inchi 1¾ kwa 3¾. Nguvu iliyobaki ni sehemu ngapi katika 100?

Majibu: (1) Futi 8. (2) Futi 18. (3) Mara 2. (4) Karibu 77.

Mwalimu akitaka wanafunzi wake waelewe upesi, awape rula wakapime mbao za madawati na za paa la shule yao, kisha waandike mistari miwili: jina la ubao, na kipimo chake. Watajionea kwa macho yao. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba, robo inchi kwa robo inchi, kibaba hicho hicho huweza kumwagika mpaka kikabaki kitupu. Ajuaye kupima hulinda fedha za kijiji chake, na hulinda pia miguu ya wale watakaovuka.